Stika za Lori na Kipupwe cha Nairobi

Asubuhi ya Jumatatu iliyopita, saa kumi na mbili na nusu, lori lenye bodi ya aluminiamu liliingia katika karakana yetu iliyo kando ya Lunga Lunga Road, likitoka Mlolongo lilikokuwa limelala nje usiku kucha. Kabla sijashusha roli hata moja ya vinili, ile plastiki ya stika yenye gundi nyuma, nilipitisha kiganja juu ya bati la ubavuni, kuanzia nyuma ya kichwa cha gari hadi kwenye bawaba za mlango wa nyuma. Kwa macho bati lilikuwa kavu, ila lilikuwa limefifia kidogo kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mahali kiganja kilipopita palibaki mstari unaong'aa. Kiganja chenyewe kilirudi kimelowa.

"Fundi, gari limeoshwa tangu jana na likakauka," dereva aliniambia. "Bosi anataka lipakie saa nane."

"Ndugu yangu, shika hapa," nilimwambia. Aligusa, akazitazama ncha za vidole vyake, kisha akatoa simu na kumpigia mwenye gari yeye mwenyewe bila kuombwa.

Ninaandika kwa sababu ya ule mstari wa kiganja. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, tunaletewa malori ambayo nembo zake zimeinuka pembeni, herufi zimejikunja na viputo vimezunguka kila riveti, ile misumari inayounganisha mabati, na mwenye gari husema kwamba baridi imekula stika. Baada ya kuyabandua mengi ya aina hiyo na kuutazama upande wa gundi, nimeamini jambo moja: baridi ya Nairobi haina nguvu ya kuibandua stika iliyoshika vizuri. Kinachotokea ni kwamba stika ile haikushika tangu siku ya kwanza, kwa sababu tuliibandika juu ya bati lililokuwa baridi na lenye unyevu, na kipupwe kikaja tu kuonyesha kazi yetu ilivyokuwa.

Maelekezo mengi tunayosoma kuhusu michoro ya magari wakati wa baridi yameandikwa na watu wa nchi zenye theluji, kama vile Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Huko tatizo ni chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, ambayo hurukia mabati na kuingia chini ya kingo. Ni watu wanaokwangua barafu kwa chuma na kukwangua mchoro pamoja nayo. Ni vinili inayokuwa ngumu kwa baridi hata ikagongwa kidogo hupasuka. Sisi hatuna chumvi wala theluji. Julai, ambao kwa kawaida ndio mwezi wa baridi kuliko yote Nairobi, kipimajoto hushuka usiku hadi karibu nyuzijoto 10 au 12, na mchana hupanda kidogo kupita 20. Mtu wa Toronto angeuita huo mwezi wa kupendeza. Lakini tuna kitu ambacho maelekezo yale hayakisisitizi vya kutosha, nacho ni unyevu: mawingu yasiyofunguka hadi saa sita, manyunyu yasiyojaza ndoo wala kuacha kitu kikavu, na ukungu wa Limuru ambao lori hupita ndani yake alfajiri kabla ya kushuka kuja kwetu.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kueleza gundi inavyofanya kazi. Gundi iliyo nyuma ya vinili haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki laini maisha yake yote, na hushika kwa kutambaa polepole hadi ijaze vijishimo vidogo vya bati ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kutambaa huko kunategemea joto. Kila mtu aliyewahi kupika Nairobi mwezi wa Julai anajua jinsi mafuta ya kopo yanavyoganda hadi kijiko kikataa kuingia, ilhali Februari mafuta yale yale humiminika. Gundi ni hivyo hivyo. Kwenye bati la nyuzi 22 hutambaa na kushika. Kwenye bati la nyuzi 9 hukaa juu juu, ikigusa vilele vya vijishimo bila kuingia ndani. Ukiivuta siku ile ile utadhani imeshika, kwa sababu ina mnato wake wa mwanzo. Baada ya wiki mbili za mtikisiko wa barabara na maji ya mvua, kingo huanza kuinuka.

Karatasi za maelezo zinazokuja na vinili nyingi hutaja kiwango cha chini cha joto la kubandikia, na mara nyingi ni karibu nyuzi 10 kwa sehemu bapa na zaidi ya hapo kwa sehemu zenye riveti na mikunjo. Ukweli ambao mafundi wengi hawauzingatii ni kwamba kiwango hicho ni cha bati, si cha hewa. Lori lililolala nje Athi River linaweza kuingia saa tatu asubuhi, hewa ikiwa imeshafika nyuzi 16, huku bati la upande wa kivuli lingali chini ya 11. Ndiyo maana nilinunua kile kipimajoto kidogo cha miale kinachoelekezwa kwenye bati bila kuligusa, na sasa hakitoki mfukoni mwangu kuanzia Juni. Ninapima juu, katikati na chini, mbele na nyuma, kwa sababu ubavu mmoja unaweza kutofautiana nyuzi 5 kutoka pembe moja hadi nyingine.

Unyevu nao una hesabu yake. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu kilicho baridi kuliko kiwango fulani huacha maji juu yake, na kiwango hicho huitwa kiwango cha umande. Wapaka rangi za viwandani wana kanuni kwamba chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande kabla ya brashi kukigusa, nami nimeichukua kanuni hiyo kutoka kwao bila kubadilisha chochote. Kuna mtego mmoja hapa ambao ulinichukua muda kuung'amua. Sisi hufuta bati kwa spiriti kabla ya kubandika, na spiriti inapopaa hunyonya joto kutoka kwenye bati, kama unavyohisi ubaridi muuguzi anapokupaka mkononi kabla ya sindano. Katika asubuhi yenye unyevu, ubaridi huo unatosha kuteremsha bati hadi umande ukarudi palepale ulipotoka kusafisha. Kwa hiyo ninafuta kwa vitambaa viwili: kimoja chenye spiriti, na kingine kikavu kinachofuata mara moja kabla spiriti haijapaa yenyewe. Uchafu nao hubebwa na kitambaa cha pili badala ya kuachwa pale pale.

Nilijifunza haya kwa gharama. Miaka sita iliyopita, katikati ya Julai, tulipewa malori matatu ya kusambaza maziwa, yote yabandikwe ndani ya siku mbili kwa sababu mteja alikuwa na uzinduzi wake. Lori la kwanza tulilifanyia kazi mchana ndani ya karakana. La pili na la tatu tuliyafanyia kazi nje, usiku, chini ya taa, tukimaliza saa kumi alfajiri. Nilikuwa ninajua kwamba mabati yalikuwa baridi, kwa sababu vinili ilikuwa inakataa kunyooka mikononi mwangu, na bado niliendelea. Siku ya kumi na tisa nilipigiwa simu. Malori mawili yale ya usiku yalikuwa yamefunguka kuanzia chini, mita nzima ya rangi ya buluu ikipepea barabarani kama kanga kwenye kamba, ilhali lile la mchana lilibaki zima kwa miaka minne. Vinili ilikuwa ya roli moja, wino wa mashine moja na mikono ile ile. Nilirudia kazi yote kwa fedha zangu, na ilikuwa haki nirudie.

Tangu hapo utaratibu wetu wa kipupwe ni tofauti na wa miezi mingine. Lori huingia jioni ya siku iliyotangulia, likiwa limeoshwa kwa sabuni na kusuuzwa, na hulala ndani milango ikiwa imefungwa. Usiku mmoja ndani ya karakana yenye paa huleta bati karibu na joto la jengo na kukausha maji yaliyojificha kwenye maungio, chini ya riveti na nyuma ya pembe za fremu. Maji hayo ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa bati hufutika lakini maungio hayafutiki. Unabandika vizuri, kisha saa mbili baadaye tone linachuruzika kutoka ndani ya ungio na kutambaa chini ya ukingo wako. Asubuhi tunaondoa grisi na lami kwa dawa ya kuondolea mafuta, tunasuuza sehemu hiyo, tunakausha, kisha tunafuta kwa spiriti kwa namna niliyoeleza. Situmii petroli, na ninawaomba mafundi wenzangu waiache, kwa sababu huacha utando wa mafuta ambao gundi huuchukia kuliko vumbi lenyewe. Pale ambapo bati bado liko chini ya nyuzi 15, tunalipasha kwa kipuliza hewa moto, tukikitembeza bila kukisimamisha mahali pamoja, na tunabandika kipande kile tulichopasha tu, kisha tunahamia kingine.

Kosa jingine la msimu huu hutokea kabla hata lori halijafika, mahali pa kuchapisha. Wino wa mashine nyingi za Nairobi una kimumunyo, yaani majimaji ya kuyeyushia rangi, ambacho ni lazima kipae kabla ya kuweka laminesheni, ile plastiki angavu inayofunika mchoro, juu yake. Katika siku za joto saa 24 hutosha, roli ikiwa imefunguliwa au imesimamishwa wima huku imelegezwa ili hewa ipite. Katika kipupwe mimi hutaka saa 48, na kwa michoro yenye rangi nzito, hasa nyeusi na nyekundu iliyokolea, sipunguzi hata saa moja. Laminesheni ikiwekwa mapema, kimumunyo hufungiwa ndani, na kwa kuwa hakina njia ya kutokea juu huenda chini, kikailainisha vinili na kuidhoofisha gundi. Ukinusa mchoro ulioletwa na ukasikia harufu kali ya wino, usiubandike. Mimi hufanya hivyo mbele ya aliyeuleta.

Kuhusu vinili yenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa ndiyo inayozua mabishano mengi zaidi ya bei. Ipo inayotengenezwa kwa kupitishwa kwenye rola za moto hadi iwe nyembamba, na ipo ya kasti, inayomiminwa ikiwa majimaji na kuachwa iive kwenye oveni. Ile ya rola ilivutwa wakati wa kutengenezwa, kwa hiyo hubaki na tamaa ya kurudi ilikotoka. Husinyaa pembeni na haipendi kulala juu ya riveti. Ya kasti ni nyembamba zaidi, haina mvuto huo ndani yake, na hulala mahali ulipoilaza. Kwa mlango bapa wa pikapu ya duka, ya rola iliyo bora inatosha kabisa na sioni sababu ya mtu kulipa zaidi. Kwa trela yenye riveti inayokwenda Malaba, mpakani mwa Uganda, kila wiki, ninashauri kasti, na laminesheni yake iwe ya kasti pia. Nimeona watu wakinunua vinili ya bei ghali kisha wakaifunika kwa laminesheni ya bei nafuu, na ile ya juu ikasinyaa na kuivuta ya chini pamoja nayo.

Fikiria safari ya lori hilo. Linatoka Mombasa usawa wa bahari, katika joto na chumvi ya hewa ya pwani. Linapita Mtito Andei mchana bati likiwa moto usioshikika. Linapanda hadi Nairobi, linavuka Limuru iliyo juu ya mita 2,000, linateremka Naivasha, kisha linapanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako usiku wa Julai dereva hulala na koti. Ubavu wa aluminiamu wenye urefu wa mita 12 hurefuka kwa karibu milimita 11 joto lake likipanda kwa nyuzi 40, na husinyaa kiasi hicho hicho likishuka. Vinili iliyo juu yake hupenda kutanuka na kusinyaa kuliko aluminiamu, hivyo kila safari kuna mvutano kati ya hizo mbili, na mvutano huo hutafuta mahali dhaifu: ukingo, kona kali, au riveti ambayo vinili imepita juu yake kama hema.

Riveti ndizo zinazotofautisha fundi na mtu mwenye skwiji tu, kile kibao cha kusukumia vinili. Vinili ikilala juu ya kichwa cha riveti huacha pete ya hewa kuzunguka, na ukiilazimisha ikiwa baridi itakaa leo na kuinuka kesho. Tunatoboa pete hiyo kwa sindano mahali pawili au patatu, tunaipasha hadi ilainike na kung'aa, kisha tunaisukuma kwa brashi ya mviringo kwa mzunguko mmoja unaobana. Halafu, na hapa ndipo wengi huachia njiani, tunarudi mara ya pili na kuipasha hadi karibu nyuzi 95, tukihakikisha kwa kipimajoto, ili ile kumbukumbu ya kuwa bapa iishe ndani yake. Katika kipupwe bati baridi hunyonya joto hilo haraka, kwa hiyo mkono wa kipuliza hauna budi kwenda polepole zaidi kuliko ulivyozoea Januari. Trela moja ina mamia ya riveti, na siwezi kudanganya kwamba kazi hii huisha kwa saa mbili.

Kingo nazo zina adabu zake. Hatupitishi vinili juu ya ungio la mabati mawili. Tunaikata na kuacha nafasi ndogo kila upande, kwa sababu mabati hayo hayatikisiki pamoja. Kona zote tunazikata mviringo, kwa kuwa kona kali huinuliwa hata na kitambaa cha mwoshaji. Vipande vinapopandana, kipande cha chini hutangulia na cha juu hukifuata, kama mabati ya paa, ili maji yapite juu ya ungio badala ya kuingia ndani yake. Na tunaanzia nyuma ya gari kuja mbele, ili upepo wa safari ulaze ukingo badala ya kuuchokonoa.

Kwa bodi zilizopakwa rangi upya, subira ni ile ile ya wino: rangi isiyookwa huendelea kutoa hewa kwa siku nyingi, na baridi huzirefusha siku hizo. Ninabandika kipande cha ukubwa wa kiganja siku moja kabla, na nikikuta viputo kesho yake, lori hurudi kwa mpaka rangi. Kwa turubai za pembeni sibandiki vinili ya kawaida hata mteja akisisitiza, kwa sababu turubai hukunjwa kila siku na vilainisho vilivyomo ndani yake huhamia kwenye gundi.

Baada ya kubandika, gundi inahitaji muda. Sehemu kubwa ya ushikaji hupatikana ndani ya saa 24 lori likiwa mahali penye joto, na mimi huomba siku tatu kabla ya kuoshwa kwa mashine ya presha. Waoshaji wetu wa kando ya barabara hufanya kazi kwa bidii, lakini wengi huleta mdomo wa bomba hadi vidole vinne kutoka kwenye bati na kuulaza kiubavu ili tope litoke upesi, na pembe hiyo ndiyo inayoingiza maji chini ya ukingo kama kisu. Bomba lishikwe kwa kuuelekea mchoro moja kwa moja, umbali wa angalau sentimita 30, kwa mdomo unaotawanya maji. Utingo naye aambiwe kwamba dizeli ikimwagika chini ya mfuniko wa tangi ifutwe pale pale kwa maji na sabuni. Nimeona herufi zote za mlangoni zikiwa nzima, na zile tatu zilizo karibu na tangi zikiwa zimeyeyuka gundi kabisa.

Wala mtu asidhani kwamba mawingu ya Julai hupumzisha rangi. Tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600, na miale inayopausha wino huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, huku mawingu mepesi yakizuia sehemu ndogo tu. Anayeruka laminesheni kwa kuwa hakuna jua ataiona nembo yake nyekundu ikigeuka ya waridi.

Ninachowaomba wenye malori ni usiku mmoja na mchana mmoja. Ninajua kwamba lori lililosimama halileti pesa na kwamba mkopo wa benki hausimami pamoja nalo. Lile lori la Jumatatu halikupakia saa nane; mwenyewe alikubali baada ya kusikia maneno ya dereva wake, likalala kwetu, na Jumanne saa nne bati lilisoma nyuzi 18 kila mahali nilipopima. Tulimaliza jioni, likaondoka Jumatano. Nimemwomba dereva alipitishe kwetu akirudi kutoka Malaba, kabla hata ya kuliosha, ili nipitishe kidole gumba kwenye kingo za chini, moja baada ya nyingine, kuanzia nyuma.